Mawe Yaliyonyweshwa Uji

Kijiwe chenyewe kilikuwa kidogo, kama kipande cha sabuni kilichobakia bafuni, lakini asubuhi ile watu wanne wazima walikuwa wamekizunguka utadhani kuna mama anajifungua. Kiliwekwa katikati ya mashine ya kubana, chuma chini, chuma juu, na kioo mbele ili kikipasuka kisimtoe mtu jicho. Pembeni kulikuwa na kisanduku chenye namba nyekundu, na zile namba zilikuwa zinapanda.

"Kilo elfu moja mia tano!" alisoma bwana wa mashine, ambaye pale kazini wote walimwita Kibano. "Mia saba! Mia tisa! Jamani, hiki kitu bado kimekaa tu!"

"Kaza!" akasema Fundi Timazi, kama vile mashine ni yake.

Huyu Fundi Timazi ndiye mtu wetu. Babu wa miaka sabini na mbili, mwashi wa mawe, magoti mabovu lakini mikono mizima. Jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta, alipewa ujanani, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya nyumba ya mtu bila kufumba jicho moja kuangalia kama ukuta umenyooka. Hata msibani. Mkewe anasema hata siku ya harusi yao jamaa alikuwa anakagua nguzo badala ya kumwangalia bibi harusi, na mpaka leo hajasamehewa.

"Elfu mbili mia tatu!"

Paa! Kijiwe kikapasuka, vumbi jeupe likajaa nyuma ya kioo. Mkuu wa maabara akaruka juu. Huyu alikuwa mama mrefu, mwenye miwani isiyokaa machoni hata siku moja, yenyewe kazi yake ni kukaa juu ya nywele.

"Kumi na moja!" alisema. "Kati ya mawe kumi na mawili ya maji ya moto, kumi na moja yameshinda ya maji ya kawaida! Mnaelewa maana yake? Wote tulidhani joto linadhoofisha, kumbe linakaza! Ijumaa wageni watakaa hapa midomo wazi."

"Mimi nilisema," Fundi Timazi akadakia. "Tangu siku ya kwanza nilimwambia huyu mke wangu mdogo. Tofali bichi ukiligusa linamung'unyika. Litie tanuri. Toa. Lipige teke uone nani atalia. Moto ndio unaokaza, basi."

Mke wangu mdogo, yaani mjukuu wake. Ndivyo alivyomtania tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Yeye alikuwa amesimama nyuma na daftari lake, wala haruki, anasugua kalamu kwenye kidevu. Na kazi yote ile ilikuwa ya kwake.

Ngoja niieleze, maana bila hiyo hutaona utamu. Matumbawe ni vidudu vidogo vinavyokaa baharini, na kila kidudu kinajijengea chumba cha mawe. Kimoja kinajenga juu ya mwenzake, miaka na miaka, mpaka unakuwa mwamba mkubwa unaovunja mawimbi yasije kula nyumba za watu wa ufukweni. Sasa bahari inazidi kupata joto. Binti akajiuliza: hivi vyumba vinavyojengwa kwenye maji ya moto vina nguvu ileile ya zamani? Basi akafuga matumbawe kwenye matangi, aina moja, miaka miwili. Matangi mengine nyuzi joto ishirini na sita, mengine thelathini na moja. Aliyaamkia kila asubuhi kama mtu mwenye kuku. Harusi za wenzake hakwenda, anaogopa umeme usikatike maji yakapoa. Miaka miwili ilipotimia, yale matumbawe yakatolewa, yakakaushwa, ikabaki ile mifupa yao ya mawe, tayari kubanwa na mashine ili ijulikane ipi inavunjika mapema.

Mashine ile haitaki jiwe la ovyo. Inataka kijiwe cha pande sita zilizonyooka, na msumeno wa maabara ulikuwa unayamegua tu. Hapo ndipo binti akasema, "Ninaye babu yangu."

Alimpelekea mapande ishirini na manne, kila moja na namba yake ya penseli. Hakumwambia lipi limetoka tangi gani. Akamwambia neno moja: "Kata tu, babu." Na babu akakata barazani kwake, wiki mbili, kwa msumeno wa mkono na jiwe la kunolea. Vikatoka vijiwe ishirini na vinne vizuri mpaka unatamani kuvitafuna.

Kata tu, babu. Liweke hilo neno mfukoni, tutalihitaji.

"Mbona umenuna?" Fundi Timazi akamuuliza mjukuu wake pale kwenye mashine. "Umeshinda bwana!"

"Sijanuna, babu. Kuna kitu hakikai." Akafungua daftari. "Nilipiga picha za eksirei kabla hujayakata. Haya ya maji ya moto ndani yana matundu kama sponji. Lakini nikiyaweka kwenye mizani, ni mazito. Jiwe lenye matundu linakuwaje zito?"

"Mizani imeharibika," Mkuu akakata shauri. "Kibano, mizani si wewe unaitunza?"

Kibano akanywea. "Niliikagua juzi, Mkuu."

"Ikague tena. Na ukigundua hukuikagua vizuri, uniandikie maelezo." Kisha akamgeukia Fundi Timazi, sura ikabadilika ikawa asali. "Na wewe, mzee wetu, jina lako litaandikwa kwenye ripoti. Jina lako lote, mpaka la babu yako."

Fundi Timazi alirudi nyumbani hata magoti hayaumi. Jina lake! Nyumba alizojenga huwezi kuzihesabu, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina lake. Wanaandika ya wenye nyumba.

Akamkuta mkewe anafua. Akamsimulia yote, mashine, paa, ripoti, jina. Bibi akasikiliza huku anakamua shati.

"Hongera," akasema. "Na mke mwenzangu anasemaje?"

"Huyo ana wasiwasi wake tu. Eti mawe mazito."

"Haya. Mimi nina swali dogo. Ile saruji nyeupe niliyoweka chini ya ngazi, ya kuzibia vigae vyangu vya bafuni, iko wapi? Nimekuta mfuko mtupu."

"Saruji nyeupe? Aa, ile niliyanyweshea mawe ya mjukuu wako, yale mabo..."

Kinywa kimebaki wazi, kama mlango uliosahauliwa.

Nikwambie kitu kuhusu waashi wa zamani. Jiwe likija mkononi, mwashi analilamba. Usicheke, analilamba kweli. Jiwe zuri ulimi unateleza. Jiwe lenye matundu linaushika ulimi, linanyonya mate, unasikia kabisa linakung'ang'ania. Ukikutana na la namna hiyo, hulitii ukutani hivihivi. Unakoroga uji mwepesi wa saruji, unalitumbukiza, linakunywa mpaka linashiba, unalianika, unalisugua. Fundi Timazi alifundishwa hivyo na mwalimu wake, akafanya hivyo miaka hamsini. Kwake haikuwa kazi ya kusema ameifanya. Ni kama kunawa mikono kabla ya kula, nani anakumbuka kwamba amenawa? Alipoambiwa kata tu, alikata tu. Na yale mabovu akayanywesha uji, kwa sababu fundi gani anamkabidhi mjukuu wake jiwe bovu?

"Mume wangu," bibi akasema polepole, "ina maana ile mashine imebana saruji yangu?"

Fundi Timazi akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ijumaa ni keshokutwa. Binti atasimama mbele ya wageni, watu wanaojua mawe ya bahari kuliko babu anavyomjua mkewe, na atawasomea kwamba joto linakaza matumbawe. Na wale watakwenda makwao, watafuga ya kwao, watayabana, na yatavunjika kama biskuti. Watamwita mwongo. Miaka miwili ya kuamkia matangi, halafu mwongo.

Na jina la babu litakuwa palepale chini ya uongo, jina lote.

Sitakuficha, alifikiria kunyamaza. Kitambo kidogo tu, muda wa bibi kuanika mashati mawili. Mawe yameshavunjwa, vumbi limefagiliwa, nani atajua? Halafu simu ikalia. Mjukuu.

"Babu, Kibano kaikagua mizani mara tatu, nzima kabisa. Mkuu hataki kusikia, anasema namfunika tu Kibano. Naye Kibano amekaa nje ya geti, hata chai kakataa. Mimi nitasoma nini Ijumaa, babu? Kama mizani ni nzima, basi sielewi mawe yangu mwenyewe."

"Kesho asubuhi nakuja," babu akasema. "Mwambie Kibano anywe chai."

Akaenda chini ya ngazi. Akapekuapekua, akatoka na trei ya mayai. Ndani hamna hata yai moja. Mashimoni mwake kulikuwa na vipande vya mawe, kimoja kimoja, ishirini na vinne, kwa mpangilio, kila kimoja na namba iliyokwanguliwa kwa msumari.

Asubuhi aliingia maabara ameikumbatia ile trei kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Wote watatu walikuwepo. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mizani ni nzima," akasema. "Mbovu ni mimi. Yale mawe mliyobana jana yalikuwa na saruji ndani. Niliyanywesha uji."

Kibano ndiye aliyeuliza kwanza. "Uji?"

Akaeleza, ulimi, matundu, uji, mpaka na bafu la mkewe akalitia humo. Mkuu wa maabara aliishusha miwani kutoka nywelani akaivaa, na hao wenzake wanasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona imefika machoni.

"Miaka miwili," akasema. "Mzee, unajua umefanya nini? Miaka miwili!"

Lakini Fundi Timazi alikuwa anamwangalia mjukuu wake. Binti macho yamemjaa maji. Babu akajua sasa anapigwa kelele, na ni haki yake.

"Babu," akasema binti. "Nilikwambia kata tu."

"Ulisema, mama." Siku hiyo hakumwita mke. "Nilikata. Mkono ukaendelea wenyewe."

"Ungenyamaza, hakuna ambaye angejua."

"Kibano angejua. Na wewe mawe yako yangekusumbua mpaka uzeeni." Akaweka trei mezani. "Hivi hapa ni vipande vilivyobaki nilipokata. Mwashi hatupi mabaki, kesho ukuta ukimeguka utaziba na nini, kama si jiwe lilelile? Hivi havijanywa kitu. Vikavu. Na kila kimoja kina namba yake."

Binti akainama juu ya trei. Akachukua kimoja, akakigeuza, akasoma namba. Akachukua kingine.

"Vinatosha," akasema. "Mkuu, vinatosha! Kila kimoja kinatoa kijiwe cha mashine! Babu, unaweza kuvikata leo?"

"Leo? Niletee maji na msumeno, uone kama nitaomba hata choo."

Na hapo ndipo siku ikawaka moto. Mkuu alivua koti akakunja mikono. Kibano akaja na kiti kirefu, lakini kabla hajamruhusu babu kukaa akamwambia, "Mikono juu, mzee!" akampapasa mifukoni. "Natafuta saruji."

"Tafuta na kwenye soksi," babu akajibu, "jana mke wangu katafuta mpaka huko."

Alikata mbele yao wote. Msumeno unaimba, vumbi linamjaa kwenye nyusi. Binti anasimama juu yake kama askari. "Basi babu, usisugue zaidi. Weka chini. Weka!" Kila kijiwe kilichokwisha kilipimwa kwenye ile mizani iliyosingiziwa, na Kibano alisoma uzito kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Mawe ya eksirei yenye matundu, safari hii, yalikuwa mepesi kama inavyotakiwa.

Saa nane mchana wakaanza kubana.

"Namba tatu, maji ya kawaida," binti akasoma.

"Elfu moja! Mia tano! Mia nane! Elfu mbi... paa! Elfu moja mia tisa na tisini!"

"Namba nne, maji ya moto."

Fundi Timazi alikuwa hajaiacha hoja yake ya tofali. Bado alikuwa na imani. Uji au bila uji, moto ni moto.

"Mia nne," Kibano akasoma. "Mia saba. Mia tisa. Elf... paa!" Akageuka. "Elfu moja na hamsini. Mzee, tofali lako limeyeyuka."

"Hilo moja! Weka jingine!"

Likaja jingine. Elfu moja mia moja. Jingine, mia tisa na themanini. Kila la maji ya moto likipasuka wanapiga kelele, kila la maji ya kawaida likivuka elfu moja mia nane wanapiga kelele zaidi, mpaka watu wa vyumba vingine wakaja kuchungulia mlangoni kuna nini. Babu mwenyewe alianza kubashiri. Analamba, anasema, "Hili halifiki elfu na mia moja," na halifiki. Wakawekeana sharti na Kibano, atakayekosea afagie vumbi. Kibano alifagia mara sita.

"Lakini nieleze," Fundi Timazi akasema, jasho linamtoka. "Tofali mbona linakazwa na moto?"

Mjukuu akaliacha daftari akamkalia mbele. "Babu, tofali unalijenga kwanza, ndiyo unalitia motoni. Matumbawe yanajenga yakiwa humo humo motoni. Sasa chukua mawe yako, ingia ndani ya tanuri linalowaka, ujenge ukuta. Utajengaje?"

Babu akafikiria tanuri. Akajiona humo na mwiko mkononi.

"Nitalipua kazi tu," akasema. "Naweka jiwe moja, naruka jiwe moja, natoka mbio!"

"Ndiyo hivyo! Joto likizidi yanaugua, hayali vizuri, yanalipua kazi. Kuta nyembamba, matundu kila mahali."

Babu alicheka mpaka akashika mbavu. Maisha yake yote alikuwa anawagombeza vibarua kwa kulipua, kumbe na baharini wamo, na hao wana sababu.

Kicheko hakijaisha, binti akanyanyuka ghafla kama aliyekalia msumari.

"Babu! Yale uliyoyanywesha uji ni namba zipi? Unazikumbuka?"

"Nakumbuka. Mbili, nne, tano, nane..." Akazitaja zote, kumi na mbili, kwa vidole. Binti alikuwa anaweka alama kwenye daftari, na kila alama macho yalizidi kumtoka.

"Mkuu, njoo uone! Kati ya hayo kumi na mawili, kumi na moja ni ya maji ya moto! Sikumwambia lipi limetoka wapi. Aliyajua kwa ulimi!"

"Moja nilikosea?" babu akauliza, kwa kuumia kidogo.

"Moja tu! Na halafu angalia hapa. Jiwe la maji ya moto, kavu, kilo elfu moja. Ndugu yake, kipande kilekile, amezibwa matundu, elfu mbili mia tatu. Kwa hiyo nguvu inapotelea kwenye matundu! Hilo swali nilikuwa sina namna ya kulijibu mwaka huu. Babu, umenijibia kwa kosa!"

Mkuu wa maabara alizisoma zile namba mara mbili. Kisha akarudisha miwani kwenye nywele, mahali pake, na wote wakashusha pumzi. Akamwendea Kibano akamshika mkono. "Ile mizani, nisamehe. Nilikuonea." Kibano akasema yamekwisha, ila fagio sasa liende kwa mwingine.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Babu na bibi waliwekwa mstari wa mbele, babu amevaa koti la harusi, bibi anamvuta mkono kila akianza kufumba jicho moja kukagua kuta. Binti alisoma yote bila kuficha. Alisema mawe ya kwanza yaliharibiwa, akasema vipi, akaeleza trei ya mayai. Wageni walicheka, halafu wakaacha kucheka wakaanza kuandika haraka haraka. Mmoja akauliza kama yule mzee anaweza kuwafundisha kulamba.

Mwisho ukutani, kwa herufi kubwa, likatokea jina la Fundi Timazi. Lote, mpaka la babu yake. Na chini yake mjukuu aliandika: *aliyakata, akayanywesha uji, akasema.*

Babu alilitazama jina lile ukutani, machozi yanamshuka wala hayafuti. Akafumba jicho moja.

"Limenyooka," akamnong'oneza mkewe.

"Nimeona," bibi akasema. "Na bafu langu?"

"Kesho."

"Ziba tu, baba. Sitaki na manjonjo."

Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, alikuwa amepiga magoti bafuni na mfuko mpya wa saruji nyeupe, na yule mke mdogo anamkorogea uji.